Jino la Mtoto ni la Nani?

Ukimwuliza mtu sokoni Kavumu, "Jino la mtoto ni la nani?" atacheka. Ni la mtoto mwenyewe, atajibu. La nani tena? Jibu hilo ni la kweli, lakini sisi wazazi hatuenendi kama watu wanaoliamini. Jino la mtoto likioza twalipuuza, kwa kuwa "litang'oka tu". Na pengine twaling'oa kabla halijaota, kwa kuwa bibi au jirani amesema ndilo linaloleta homa. Mwenye jino haulizwi. Wala hawezi kuulizwa, maana ana miezi mitano. Basi swali letu ni hili: ikiwa mtu hawezi kujisemea, yule anayemwamulia ana haki gani, na haki hiyo yakoma wapi?

Tuanze na neno lile "litang'oka tu". Meno ya utoto ni 20. La kwanza huchomoza karibu na mwezi wa sita, na mtoto akitimiza miaka mitatu kwa kawaida yote yamekwisha kuota. Ya mwisho hutoka karibu na mwaka wa 12. Maana yake, gego la utoto laweza kukaa kinywani miaka minane au zaidi, tangu mtoto anapojifunza kusema hadi anapokaribia kumaliza shule ya msingi. Katika miaka hiyo, mtoto anayeumwa jino halali, hali, wala hasikii mwalimu asemalo. Tena chini ya kila jino la utoto jino la ukubwani lakua likingoja zamu yake, na lile la juu ndilo linalolilindia nafasi. Likitolewa mapema mno, majirani yake husogea, na la chini likija lakuta mlango umefungwa. Usaha wa jino bovu nao waweza kuliharibu lingali ndani ya mfupa. Kisha kuna gego la kwanza la ukubwani, ambalo huota kwenye miaka sita, nyuma ya mengine yote, pasipo jino lolote kung'oka. Wazazi wengi hulidhani ni la utoto. Likioza husema vile vile, "litang'oka tu". Kumbe hilo likitoka halina mrithi.

Nguo ya mtoto nayo itambana baada ya mwaka, lakini hatujaona mzazi amwachaye mwanawe uchi kwa sababu hiyo.

Jambo la pili ni zito zaidi. Mtoto mchanga ana homa, anahara, anakataa ziwa. Mtu mzima amfungua kinywa, aona ufizi umevimba na kuwa mweupe mahali pa chonge, naye asema, "Haya ndiyo meno mabaya." Huyatoa kwa kisu, kwa msumari, au kwa spoku ya baiskeli iliyonolewa, pasipo dawa ya ganzi. Kinachotoka ni kitu cheupe, laini, kama funza. Hicho ni chipukizi la jino lisilokomaa; lakini wazazi wakikiona huamini wameuona ugonjwa wenyewe kwa macho yao, na hapo kuwashawishi ni kazi kubwa. Huko Ankole, magharibi ya Uganda, huitwa ebiino. Tanzania husemwa meno ya plastiki au meno ya nailoni. Mwaka 1969 mtaalamu Jens Pindborg wa Denmark aliandika juu ya jambo hili kati ya Waacholi wa Uganda. Nasi wa Kivu tusiwacheke jirani zetu, maana desturi hii haikukomea mpakani.

Hasara zake zajulikana: damu nyingi kutoka, kidonda kuingia uchafu, pepopunda, hata kifo. Aliyepona aweza kukosa chonge maisha yake yote, au kuota jino lililopinda. Na ile malaria, au yale maji machafu yaliyoleta kuhara, yabaki pale pale, na siku zimepotea.

Je, wazazi hao ni waovu? Hatusemi hivyo. Wamekesha na mtoto, wametoa fedha waliyokopa. Msomaji aweza hata kutuuliza: mganga wa meno naye humshika mtoto anayelia, humchoma sindano, humng'oa jino, tofauti ni nini? Si upendo, maana pande zote mbili wapo wazazi wapendao. Si ruhusa ya mtoto, maana wote wawili wanalia. Twaona tofauti ni katika kujua. Mganga aweza kukuonyesha tundu na usaha, akakuambia kwa nini, na ukimwuliza hakasiriki. Yule mwingine hawezi kuonyesha kwamba homa ilitoka katika ufizi. Atakutajia watoto waliopona. Lakini wangapi hupona bila kuguswa kinywa? Haki ya kumwumiza asiyeweza kusema yakoma pale tunapokataa kuuliza. Upendo hautuondolei wajibu huo. Bali watuzidishia.

Tena mtoto hakui meno tu, hukua na akili. Wa miaka mitano aweza kuelezwa. Hapo laja jaribu jingine, la kumdanganya: "Hakuna sindano, twaenda kununua pipi." Mtakatifu Agustino, Mwafrika, katika kitabu alichoandika karibu na mwaka 420 dhidi ya uwongo, alifikiri juu ya mgonjwa mahututi anayeuliza habari za mwanawe aliyekwisha kufa. Alikiri kwamba jambo lile lamchoma moyo. Hata hivyo hakuukubali uwongo. Wengine watamwona mkali mno. Lakini kwa mtoto aendaye kung'olewa jino hatuhitaji ukali wake: yatosha kusema, "Itauma kidogo, kisha ganzi itaingia, nami nitakushika mkono." Aliyedanganywa mara moja hatafungua kinywa mara ya pili, naye ana haki. Ubaya sawa na huo ni kumtisha mtoto mkaidi kwa jina la mganga, kisha kushangaa akimkimbia.

Twajua fedha ni chache, na Bukavu iko umbali wa kilomita kama 30. Lakini si kila tiba yahitaji mashine. Katikati ya miaka ya 1980, huko Tanzania, Mholanzi Jo Frencken alianzisha njia ya kukwangua uozo kwa vyombo vya mkono tu na kuziba tundu kwa saruji ya meno, pasipo umeme. Ipo pia dawa ya maji yenye fedha na floridi, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiingiza mwaka 2021 katika orodha ya dawa za lazima: hupakwa juu ya tundu, huzuia uozo usiendelee, ila huliacha jino jeusi. Ni vema kuuliza kama hayo yapatikana, kabla ya kukubali jino ling'olewe.

Na nyumbani, mswaki mara mbili kwa siku, wenye dawa yenye floridi: kiasi cha punje ya mchele kwa aliye chini ya miaka mitatu, na cha njegere baada ya hapo. Mtoto asiachiwe kazi hiyo peke yake kabla ya miaka saba au minane. Usiku iwe baada ya uji wa mwisho, na akilala asipewe chupa ya chai yenye sukari.