Deni la Mtoto

Mtoto akirusha jiwe hapa kwetu Songea na kuvunja kioo cha gari la jirani, nani alipe? Twasema, "Ni mtoto tu." Naam, sheria ya nchi haimtii hatiani aliye chini ya miaka 10, lakini hasara ya jirani yabaki. Torati, katika Kutoka 22, yamwagiza aliyeachia mnyama wake shambani mwa mwenziwe alipe kwa mazao yake yaliyo bora. Ikiwa twawajibika kwa mbuzi, je, si zaidi kwa mwana? Paulo naye alilitwaa deni la Onesimo, mwanawe katika imani, liwe lake. Basi mzazi na alipe. Asiye na fedha na akiri deni, alipe kidogo kidogo. Tena mtoto aandamane naye kuomba radhi. Tusiikaribie Meza ya Bwana kabla ya kupatana na jirani.