Mtamba Dhaifu: Je, Ni Halali Kumpandisha?

Tufikiri mtu wa milima ya Kivu mwenye mtamba mmoja tu. Mtamba huyo ni mdogo kuliko wenzake, tena afya yake ni dhaifu. Jirani ana fahali mkubwa, naye yu tayari kumwazima. Nyumbani watoto hawana maziwa. Je, mtu huyo aweza kumpandisha mtamba wake pasipo kosa?

Wengine hujibu upesi: «Ni mali yangu, Mungu alimpa mtu mamlaka juu ya wanyama.» Neno hilo ni kweli, lakini si kweli yote. Kitabu cha Mwanzo, sura ya 2, chasimulia ya kuwa mtu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Basi mwenye mamlaka ni mtunzaji, na mtunzaji hutoa hesabu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 yakubali kwamba ni halali kuwatumia wanyama kwa chakula na mavazi. Lakini yafundisha pia kwamba kuwatesa bure ni kinyume cha heshima ya mtu mwenyewe.

Njaa ya watoto si jambo la bure. Walakini nia njema haitoshi; yahitaji busara, nayo busara huchunguza kwanza. Kama mtamba ni mdogo kwa sababu ya umri, njaa au minyoo, apewe malisho, dawa na muda: wafugaji wenye ujuzi hungoja afikie karibu theluthi mbili za uzito wa ng'ombe mzima. Kama nyonga yake ni nyembamba, fahali wa aina kubwa aweza kumzalisha ndama asiyeweza kupita. Baada ya kungoja miezi 9, watoto watakosa maziwa na ng'ombe pia. Kama kilema ni cha kurithi, ndama aweza kukirithi. Kama ni bruselozi, ugonjwa unaoharibu mimba, hatari yawafikia watu, kwa maana huambukiza kwa maziwa mabichi na kwa kushika kondo la nyuma. Kwa hiyo kumwuliza mganga wa mifugo ni sehemu ya wajibu.

Yuko mwingine aepukaye kosa hilo na kuanguka katika lingine: hampandishi mtamba, bali humpeleka sokoni na kuuficha ugonjwa wake. Huyo amevunja amri ya 7 na ya 8 pamoja.

Lakini mtu asithubutu kuihamisha hukumu hii kwa wanadamu. Mtu si mfugo. Baba Mtakatifu Pio XI, katika barua yake Casti Connubii ya mwaka 1930, alikataa watu wazuiwe kuoana kwa hofu kwamba watazaa watoto dhaifu. Binti mgonjwa ana roho isiyokufa. Hakuna awezaye kumpima kama apimavyo ng'ombe.

Basi, ikiwa mtamba hawezi kuzaa pasipo hatari kubwa, asipandishwe. Atunzwe, au auzwe kwa kusema kweli yote. Hasara hiyo ni nzito kwa maskini, wala isiachwe juu yake peke yake. Jirani aliyekuwa tayari kuazima fahali wake aweza pia kutoa maziwa kidogo kila asubuhi. Huo ndio upendo wa jirani, wala hauhatarishi uhai wa mnyama.