Ila ya Picha

Kiswahili kina neno moja lenye nyuso mbili. Mtu akisema kizuri hakikosi ila, anataja dosari. Akisema hakuna mkamilifu ila Mungu, neno lilelile linatenga: viumbe vyote upande huu, Muumba peke yake upande ule. Kwa asili ni maneno mawili ya Kiarabu yaliyofika pwani yakavishwa kanzu moja. Lile la dosari, illa, lina la ziada. Huko lilikotoka ni kasoro, ni ugonjwa, na pia ni sababu. Mwanafalsafa Ibn Sina alipomwita Mungu Sababu ya Kwanza, alitumia neno ambalo tabibu angeweza kulitumia kutaja maradhi.

Fumbo la picha za dhahania limo humo. Picha isiyo na mtu, nyumba wala twiga wa kumvutia mtalii haina cha kulinganishwa nacho. Hakuna pua iliyokaa upande ili mtazamaji aseme hapa mkono uliteleza. Basi dosari yake itajulikanaje? Na ikijulikana, je, iliingia kwa bahati mbaya, au ndiyo iliyoifanya picha iwepo?

Lavington, mtaa wa Nairobi, ni mahali pazuri pa kuuliza. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walianzisha hapo misheni ya St. Austin's mwaka 1899, Nairobi ikiwa bado kambi ya reli, wakapanda na kahawa. Barabara ya mtaa huo iliitwa St. Austin's kabla ya kupewa jina la James Gichuru, waziri wa fedha wa kwanza wa Kenya huru. Kando ya barabara hiyo, nyumba ya sanaa ya Circle Art Gallery ilionyesha kwa miaka kadhaa kazi za wasanii wa Afrika Mashariki, za dhahania zikiwamo. Austin ni Augustine kwa matamshi ya Waingereza wa zamani, na jina hilo haliwezi kukosa kumleta mazungumzoni Augustine wa Hippo, Mwafrika aliyezaliwa mwaka 354 huko Thagaste, katika Algeria ya leo.

Augustine alikuwa na la kusema kuhusu rangi. Katika kitabu cha 11 cha kazi yake Mji wa Mungu anadai kwamba uzuri wa ulimwengu umejengwa kwa vinyume, kama hotuba nzuri inavyojengwa kwa maneno yanayopingana. Anaongeza mfano wa mchoraji: rangi nyeusi ikiwekwa panapostahili huipamba picha, na ulimwengu nao ni mzuri hata ukiwa na wenye dhambi ndani yake. Mchoraji yeyote wa dhahania angetikisa kichwa kukubali nusu ya kwanza. Njano haina makali mpaka ikae kando ya zambarau. Upatanifu wa rangi si rangi kufanana. Ni rangi zinazopingana kukubali kukaa nyumba moja.

Hiyo nusu ya pili ndiyo yenye utata, na tutairudia.

Tazama kwanza mabati. Justus Kyalo, mchoraji Mkenya, amefanya picha za dhahania juu ya mabati kwa kuyamwagia tindikali. Zinki inaliwa, chuma kinabaki wazi, kutu inaanza kazi. Anachagua pa kumwaga na wakati wa kusuuza. Mengine huamuliwa na kemia. Kwa mkazi wa Nairobi ambaye kwake bati lenye kutu humaanisha paa linalovuja, picha hiyo ina ucheshi fulani: adui wa nyumbani ametundikwa ukutani. Ukiondoa kutu hapo, unabaki na bati la dukani tu.

Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi wa mwaka 1984, hachori dhahania, lakini kitambaa chake kinamlazimisha kufikiri kama wanaochora hivyo. Ni lubugo, gome la mti wa mutuba linalopondwa kwa nyundo za mbao huko Buganda, ambako tangu zamani hutumika kama sanda. Alikutana nalo Nairobi, likiuzwa kwa watalii. Lina matundu, makovu na mishono, na mtu au mlima katika picha hulazimika kupita kando ya tundu lililokuwapo kabla ya rangi.

Linganisha na duka la kanga la Biashara Street. Doti ni vipande viwili vilivyo sawa, na mnunuzi akikuta doa la kiwandani ataomba apunguziwe. Hakosei. Hata kitabu cha Kutoka katika Biblia ya Kiswahili kinadai mwanakondoo wa Pasaka asiwe na ila. Lakini kitabu hichohicho kinaagiza kwamba madhabahu ikijengwa kwa mawe, yasiwe ya kuchongwa. Chombo cha fundi kikiyagusa, yametiwa unajisi. Sadaka sharti iwe kamili, na jiwe linaloibeba libaki na manundu yake. Sijui kama kuna mwalimu wa sanaa aliyewahi kuusema mkinzano huo vizuri zaidi.

Sasa ile nusu ya pili ya hoja ya Augustine. Ni rahisi kusifu rangi nyeusi ukiwa umesimama mbali na picha. Ibrahim El-Salahi, mchoraji wa Sudan aliyezaliwa Omdurman mwaka 1930, alizivunja herufi za Kiarabu mpaka zikawa maumbo, pembe na mifupa. Mwaka 1975 alitiwa gerezani Khartoum bila kesi, kwa takriban miezi sita. Alichora kwa siri kwenye vipande vya karatasi na kuvifukia mchangani. Kumwambia mfungwa kwamba giza lake linapamba ulimwengu ni ukatili, na hapo hoja ya Augustine inakwama: anayeona picha nzima ni Mungu, aliye ndani ya weusi haoni.

El-Salahi hakumjibu Augustine, ila alitoka gerezani na namna ya kufanya kazi. Alianza na kipande kidogo, akaunga kingine, na kingine, bila kujua mwisho utakuwaje. Picha yake The Inevitable, ya miaka ya 1984 na 1985, ni wino mweusi kwenye karatasi tisa zilizopangwa pamoja. Iko Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Mipaka kati ya karatasi hizo inaikata mikono na nyuso zilizomo, na haikufichwa.