Kimya cha Mlango wa Ziwa

Chombo kinachopokea maji pasipo kukoma hakina budi kuwa na mlango wa kuyatoa. Kisipokuwa nao kitafurika. Sharti hili ni moja kwa tangi dogo na kwa maziwa mengi makubwa. Watu wafugao samaki wa bahari katika matangi ya vioo hulijua vyema. Maji yaliyozidi huingia katika bomba la kushukia, na kwa kuwa huburuta hewa pamoja nayo, hunguruma usiku na mchana. Mwenye nyumba akichoshwa na mngurumo huo, hukaza koki ya bomba kidogo kidogo mpaka lijae maji matupu, hewa isipate nafasi. Hapo kimya huingia nyumbani. Lakini bomba lililojaa halina akiba: konokono mmoja akikwama mdomoni mwake, tangi hufurika. Kwa hiyo mfugaji mwenye busara huweka bomba la pili, mdomo wake juu kidogo kuliko wa lile la kwanza, likae kavu na wazi likingojea siku mbaya. Tena hulisafisha la kwanza kwa siku alizozipanga, maana haliwezi tena kumwita kwa sauti.

Katika kazi hii ndogo limo swali kubwa la maadili. Mtu anyamazishaye kitu kilichokuwa kikijisemea na kujiongoza chenyewe, hujitwika dhima gani kwa wale waliokitegemea? Swali hili lahusu Mwanza kuliko miji mingi, kwa kuwa mji huo umekaa kando ya tangi ambalo mlango wake ulinyamazishwa.

Eneo la Ziwa Victoria lapita kilomita za mraba 68,000. Mito ya Kagera, Mara na Simiyu humwaga maji ndani yake, lakini sehemu iliyo kubwa zaidi ni mvua inyeshayo juu ya ziwa lenyewe. Maji mengi hurudi angani kwa nguvu ya jua. Yanayobaki yana mlango mmoja tu, nao ni Mto Nile pale Jinja. John Hanning Speke aliliona ziwa karibu na Mwanza mwaka 1858, na mwaka 1862 akaufikia mlango huo, akauita Maporomoko ya Ripon. Maporomoko yale yalikuwa mizani isiyopendelea. Ziwa lilipopanda, maji mengi zaidi yalipita juu ya mwamba, liliposhuka, yalipungua. Hapakuhitajiwa mlinzi wala hesabu.

Mwaka 1954 bwawa la Owen Falls lilimalizika, Maporomoko ya Ripon yakazama, na mngurumo wake ukakoma. Waliolijenga hawakuwa wajinga wa dhima yao. Uingereza na Misri zilikubaliana kwamba malango ya bwawa yatoe maji kwa kipimo kile kile ambacho maporomoko yangalitoa, kulingana na kimo cha ziwa. Hesabu hiyo ilichorwa katika mstari mmoja. Hivyo kazi ya mwamba ikawa ahadi ya wanadamu. Tofauti ya vitu hivi viwili ni kubwa: mwamba hauwezi kuvunja desturi yake, lakini mtu aweza kuivunja ahadi.

Ahadi hiyo ilijaribiwa. Mvua kubwa zilizoanza mwaka 1961 zililiinua ziwa zaidi ya mita mbili kufikia 1964, na malango yalifunguliwa kwa kuufuata mstari. Jaribu la pili lilikuwa la uhaba. Kituo cha pili cha umeme kilikuwa kimejengwa kando ya kile cha kwanza, na kati ya 2003 na 2006, wakati wa ukame, maji yaliyotolewa yaliupita mstari. Ukame na mkono wa mtu vilisaidiana, ziwa likashuka hadi kimo kisichoonekana kwa takriban miaka 80. Mwanza iko zaidi ya kilomita 300 kutoka Jinja. Mvuvi wa Kirumba hakuweza kusikia lango likifunguliwa. Aliloweza kuona ni mawe ya ufukweni yakivuliwa maji. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Kisha mwaka 2020 ziwa likapanda na kuipita alama ya 1964. Mwezi Aprili wa mwaka huo kisiwa kinachoelea, cha mimea na udongo, kilichukuliwa na maji hadi kwenye bwawa, ambalo sasa huitwa Nalubaale, kikaziba njia ya mitambo, na Uganda ikaingia gizani. Konokono wa tangi alikuwa amekua akawa kisiwa.

Mtu aweza kupinga akisema kwamba maporomoko hayakuwasha taa hata moja hospitalini, wala mngurumo wake haukumlisha mtoto. Hayo ni kweli. Kelele si wema, na kuizima si dhambi. Kosa huanzia pale kimya kinapodhaniwa kuwa ni usalama. Anyamazishaye maji amechukua kazi yao ya kuonya. Basi hana budi kuonya badala yao. Yampasa aishike ahadi wakati wa uhaba, ambapo kuivunja kuna faida, kama aishikavyo wakati wa wingi. Yampasa asafishe mdomo wa mlango kabla haujaziba. Na yampasa autangaze wazi kimo cha ziwa na kiasi cha maji yanayotoka, ili akaaye Ukerewe ajue kama akaaye Jinja.

Mwaka 2003 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilitia saini itifaki ya kuliendeleza bonde la ziwa kwa pamoja. Itifaki hiyo ni kama bomba la pili la mfugaji: siku nyingi hukaa kavu, na asiyejua huliona halina kazi. Thamani yake yote imo katika kuachwa wazi.