Hesabu ya Wauguzi Isifichwe



Sisi tukaao Butimba twajua ya kuwa mwendo si mrefu kufika Bukumbi, katika Wilaya ya Misungwi, yalipo makazi ya wazee ya serikali. Makazi ya namna hii yako pia Kolandoto, Njoro na kwingineko nchini. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 yataka mzee atunzwe kwanza na jamaa zake, na makazi yawe kimbilio la mwisho. Basi akaaye huko mara nyingi hana mtoto wa kumwulizia: usiku huu ni nani aliye zamu?

Siku moja tulizuru nyumba ya wazee, ambayo hatutaitaja jina. Tukamkuta bibi mmoja hajageuzwa kitandani tangu alfajiri, tukamkemea muuguzi. Akajibu kwa upole, "Baba Mchungaji, mwenzangu hakuja, niko peke yangu tangu jana jioni." Tukaona haya. Tulikuwa tumemhukumu aliyekuwapo kwa kosa la asiyekuwapo.

Huko Marekani nyumba za kuuguzia wazee zipokeazo fedha za serikali zapaswa kubandika kila siku, mahali pa wazi, hesabu ya wazee waliomo na ya wauguzi wa kila zamu, pamoja na saa zao za kazi. Kwetu ubao na chaki vyatosha.

Wako watakaosema, "Tukiandika upungufu wetu, tutaiaibisha nyumba." Twajibu: amri ya nane yatukataza kumsingizia jirani. Nayo yavunjwa hata kwa kunyamaza, ikiwa kimya chetu chamwacha muuguzi mmoja abebe lawama ya wengi. Tena amri ya nne yatuagiza kuwaheshimu wazazi. Wala hamheshimu mzee yeye amfichaye jambo linalohusu uhai wake.

Ni kweli, ubao haumgeuzi mgonjwa kitandani. Lakini mficha maradhi, kifo humwumbua. Hesabu ikiwa wazi, wakubwa watajua pa kuongeza wauguzi, na sharika zitajua siku ya kupeleka msaada.

Basi, ndugu, tuendapo kuwazuru wazee, tusiulize tu kama wamekula. Tuulize pia: leo wauguzi ni wangapi, na usiku watabaki wangapi? Na tukiambiwa ni mmoja, tusimkemee, wala tusigeuke na kwenda zetu.