Kangomba wa kompyuta



Nikiwa likizo nyumbani Mtwara huwa natengeneza kompyuta za watu barazani. Sina fremu wala kibao, watu wanaambiana tu, "nenda kwa frateri." Likizo iliyopita alikuja dada mmoja wa chuo, amevuka na kivuko kutoka Msangamkuu. Kompyuta inawaka taa, kioo cheusi. Ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo imo humo, na mwisho wa kuituma ni siku hiyohiyo. Alikuwa karibu kulia.

Nikafungua, nikachomoa memori, nikasugua meno yake kwa raba ya kufutia, nikairudisha. Dakika kumi, ikawaka. "Shilingi ngapi, kaka?" Nikasema elfu thelathini. Akalipa bila kuomba nipunguze, tena akanishukuru.

Usiku usingizi ukagoma. Si kwa sababu ya zile dakika kumi. Ujuzi ule niliupata kwa miaka, na vifaa vyangu kadhaa niliviunguza nikijifunza. Kilichonisumbua ni kwamba bei ile sikuisoma kwenye kompyuta. Niliisoma usoni mwake.

Mtakatifu Thoma wa Akwino aliligusa jambo hili katika karne ya 13, kwenye Summa Theologiae. Anasema muuzaji anaweza kudai fidia ya hasara anayoipata yeye. Lakini shida ya mnunuzi si mali ya muuzaji, na mtu hawezi kuuza kisicho chake. Basi muda wangu, ujuzi wangu na vifaa vyangu ni vyangu, naviuza. Hofu ya yule dada ilikuwa yake. Mimi nikamuuzia hofu yake mwenyewe.

Utasema: "Si alikubali?" Papa Leo XIII, katika Rerum Novarum ya mwaka 1891, alijibu hoja hiyo kuhusu mshahara: makubaliano peke yake hayatoshi, maana mwenye shida hukubali lolote. Nayo Katekisimu, namba 2409, inahesabu kupandisha bei kwa kutumia shida au kutojua kwa mwingine kuwa kosa dhidi ya amri ya saba. Ndiyo, ile ya "usiibe."

Sisi wa Mtwara tulipaswa kulijua hili bila falsafa. Kangomba tunamjua: anamfuata mkulima mwenye mgonjwa au ada ya mtoto, ananunua korosho zake kwa bei ya kutupa. Mkulima naye anakubali. Tunamlaani kangomba kila msimu, kumbe nami nilikuwa kangomba, ila wa kompyuta.

Je, dawa ni kufanya bure? Nayo ina mtego wake. Mjini kuna mafundi wanaolipa kodi ya fremu, leseni na umeme, na watoto wanawategemea. Mimi nakula kwa mama. Nikishusha bei ili nisifiwe, nawavunjia wenzangu riziki. Yesu mwenyewe alisema mfanyakazi anastahili ujira wake (Lk 10:7). Mnyonge nitamsaidia, lakini nimwambie bei halisi kisha nimsamehe, ajue amepewa zawadi.

Siku hizi najipima hivi: je, naweza kumweleza mteja kila shilingi inatoka wapi, naye akijua ninachojua? "Tatizo ni uchafu wa memori, kazi ni dakika kumi, nadai elfu kumi." Nikiona aibu kuisema sababu, bei hiyo ina kitu kisicho changu.

Asubuhi nikakumbuka Zakayo, nikamrudishia yule dada elfu ishirini kwa simu. Akapiga akiwa mkali: alidhani ni matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii." Ikabidi nimweleze yote, na kuomba msamaha. Kuomba msamaha kulikuwa kugumu kuliko kurudisha hela.

Kijana mwenzangu, wewe unayeuza vocha, unayesuka, unayeendesha boda usiku wa mvua: katika bei yako ya leo, kipi ni chako, na kipi ni shida ya mwenzako?