Tusipojua Ugonjwa ni Gani

Neno la mwezi: 2 Samweli 12:1-23, Yohana 9:1-3, Mithali 12:10

 

Mwezi huu tunataka kusema juu ya mnyama mgonjwa. Labda wengine watauliza: watu wanaugua, watu wanangoja majibu yao miaka mingi, nanyi mwahubiri habari za paka? Lakini tumwangalie nabii Natani. Alipotumwa kwa mfalme Daudi, alimsimulia habari za maskini mwenye kondoo mmoja tu, aliyemlea pamoja na watoto wake na kushiriki naye chakula. Mfalme hakucheka. Alikasirika kwa ajili ya yule maskini, kwa maana alielewa kwamba mnyama wa namna hiyo ni kama mtu wa nyumbani. Na Mithali inatufundisha kwamba mwenye haki huangalia pia uhai wa mnyama wake.

Kwetu kambini paka ana kazi. Ndiye mlinzi wa unga na maharage usiku, panya wanapotoka. Tena mtoto aliyezaliwa hapa hana shamba la babu yake wala mbuzi wa shangazi yake. Mara nyingi paka ndiye kitu cha kwanza alichoambiwa: huyu ni wako. Kwa hiyo paka akiugua, machozi ya mtoto ni machozi ya kweli.

Familia moja ya kanisa letu ina paka wa namna hiyo. Ameacha kula, mgongo umekonda, lakini tumbo limevimba kama la mwenye mimba. Bwana mifugo alimpapasa akasema ndani kuna maji. Akaeleza kwamba maji hayo yanaweza kuletwa na kirusi cha paka, au ugonjwa wa ini, au wa moyo, na kwamba hata penye maabara kubwa, kirusi hicho hakitambulikani kwa kipimo kimoja tu. Alisema kweli: sijui ni lipi kati ya haya.

Basi neno hilo "sijui" likawa mzigo. Siku ya pili mmoja akasema ni sumu ya jirani. Siku ya tatu mwingine akasema ni uchawi. Wa tatu akasema ni adhabu ya dhambi iliyofichwa nyumbani. Kabla ya juma kwisha, mama wawili walioteka maji pamoja miaka mingi walikuwa hawasalimiani bombani.

Wapendwa, hapa ndipo penye somo letu. Kutojua kunauma, na moyo unaoumia hutafuta jina lolote la kuuweka ugonjwa. Lakini jina la uongo ni baya kuliko kukosa jina. Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, walimwuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana alikataa yote mawili. Kama Yeye hakumpa mtu yule mshitakiwa, sisi tumepata wapi ruhusa ya kumpa jirani yetu hukumu kwa sababu ya tumbo la paka?

Basi tufanye nini tusipojua?

Kwanza, tufanye lile tunalolijua. Maji safi karibu naye, mahali pakavu penye kivuli, chakula kidogo kidogo akikubali. Tusimpe dawa za binadamu. Kidonge kimoja cha parasetamoli chaweza kumwua paka. Na paka akibadilika tabia, akiuma bila kuchokozwa, akitokwa na mate na kushindwa kumeza, watoto wakae mbali naye, na bwana mifugo aitwe, maana huenda ni kichaa cha mbwa, ambacho hata paka hukipata. Aliyeumwa au kukwaruzwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende zahanati siku hiyo hiyo apate chanjo. Asingoje dalili. Dalili zikishaanza kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Kuomba hakuzuii kuosha kidonda.

Pili, tuwaambie watoto kweli. Tusiwaambie atapona kesho, wala tusimtupe usiku na kusema amekimbia. Watoto wetu wameshasikia ahadi nyingi zisizotimia. Tuseme: hatujui, lakini hatumwachi. Mtoto akilisikia neno hilo na kuona limetendwa, atalikumbuka siku atakapokaa kando ya kitanda cha bibi yake.

Tatu, tuombe bila kudai kujua. Mtoto wa Daudi alipougua, Daudi alikuwa ameambiwa sababu na hata mwisho wake. Sisi hatukuambiwa. Hata hivyo alifunga na kulala chini siku saba, akisema moyoni kwamba huenda Mungu akarehemu. Mtoto alipokufa, aliinuka, akaoga, akaingia nyumbani mwa Bwana, kisha akala. Aliomba penye nafasi ya kuomba, na alipopokea jibu gumu hakumwacha Mungu.

Sisi watu wa kambi twaijua shule hii. Wako kati yetu waliovuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996, na mpaka leo hawajui ndugu aliyebaki upande wa pili yu hai au la. Nao wanaendelea kulitaja jina lake katika maombi kila jioni. Hiyo ni imani, wala si ujinga.

Hadi tunapoandika somo hili, paka yule bado anapumua, na bado hatujui. Lakini mama wale wawili wamekwisha kupeana mikono, na aliyeshitakiwa ndiye aliyeleta dagaa wa kumjaribia chakula.

Tuombe: Ee Bwana, wewe unajua tusiyoyajua. Utulinde tusimhukumu jirani, utupe mikono ya kutunza na moyo wa kungoja. Katika jina la Yesu. Amina.